Madame l'Afrique na Wambeya wa Isevya

Mfyuuu! Mtu anakopa hadi kwa shemeji, anapanda ndege, anafika Paris, anapiga picha kwenye ngazi za Sacré-Cœur kanyoosha vidole viwili, halafu anarudi hapa kijiweni kututambia kwamba ameona kanisa la mlimani. Ameona! Muulize limejengwa lini, nani kajenga, kwa nini pale juu na si kule chini sokoni. Atakwambia kule kuna upepo mzuri.

Hatumkatazi mtu kupunga upepo. Ila nyie watu wa Tabora, Mwanza, Bukoba na Sumbawanga, mnaobatizana, kuoana na kuzikana kwa utaratibu ulioletwa na Mapadre Weupe, kama ni kanisa la mlimani linalowahusu basi Paris mmeshuka kituo cha watu wengine. La kwenu liko Algiers. Ndiyo, Algeria ya Waarabu na Waberber, nchi ya Waislamu. Mnashangaa nini?

Nilipolitoa neno hili pale kijiweni kwetu Isevya, kahawa iliwapalia watu. Wa kwanza kulipuka alikuwa dogo wa bodaboda. "Algiers? Wale wa goli la ugenini? Mzee, usinitajie." Dogo bado ana kidonda cha 2023. Fainali ya Kombe la Shirikisho, Yanga kafungwa 2-1 kwa Mkapa, kaenda Algiers kashinda 1-0, na kombe likabaki huko huko kwa hesabu ya magoli ya ugenini. Nikamzidishia chumvi: ukisimama kwenye uwanja wa kanisa lile, ukachungulia chini kabisa ufukweni, unaouona ni uwanja wa Omar Hamadi, nyumbani kwa USM Alger wenyewe. Alinisonya msonyo wa kutoka Isevya hadi stesheni.

Haya, sogezeni viti. Kanisa linaitwa Notre-Dame d'Afrique, Bibi Yetu wa Afrika. Liko kaskazini mwa mji, mtaa wa Bologhine, ambao Wafaransa walikuwa wakiuita Saint-Eugène, juu ya genge lililo mita 124 kutoka usawa wa bahari. Dereva teksi ukimtajia jina rasmi atakuelewa, lakini mwenyewe atalirudisha kwa jina la mtaani: Madame l'Afrique. Wengine, hasa akina mama wa makamo, wanamwita mwenye nyumba Lalla Meriem, yaani Bibi Mariamu, kwa adabu ileile ambayo Qurani inamtaja. Barabara inajikunja na kujikunjua katikati ya nyumba nyeupe zenye nguo zimeanikwa kwenye vibaraza, halafu ghafla kuba la rangi ya fedha linakutokea mbele, limekaa juu ya matofali ya rangi ya udongo yaliyonakshiwa vigae vya buluu na vyeupe. Nusu ukilitazama ni kanisa la Kirumi la Mashariki, nusu ni jengo la Kimaghribi. Ukiwa na haraka unaweza kudhani ni msikiti uliopata msalaba.

Ukigeuka kuangalia kwa nje, ndipo unapoelewa kwa nini watu walihangaika na mlima. Ghuba yote ya Algiers imelala mbele yako. Chini ya miguu kuna makaburi ya zamani ya Wakristo na ya Wayahudi, halafu ule uwanja wa dogo, halafu bahari. Upande wa mji ni Bab El Oued imebanana, mbele yake bandari, na meli zimetia nanga nje zikisubiri zamu.

Na hadithi yake haianzi na askofu wala gavana. Inaanza na wanawake wawili wa Lyon, Marguerite Berger na Anna Cinquin, waliofika Algiers mwaka 1846 pamoja na Askofu Pavy. Kwao Lyon kuna kilima cha Fourvière, chenye kanisa la Bikira Maria linalouangalia mji. Huku wakakuta mji una vilima lakini hauna Fourvière. Wakachukua sanamu ndogo ya Bikira, wakaiweka kwenye mzeituni bondeni, wakawa wanakwenda kusali pale. Watu wakaanza kuwafuata. Askofu naye akaingiwa na hamu ya kujenga, akachangisha, ujenzi ukaanza mwaka 1858 kwa ramani ya Jean-Eugène Fromageau. Pavy akafa kabla halijaisha. Likamalizika na kuwekwa wakfu mwaka 1872, chini ya Askofu Mkuu Charles Lavigerie, na mwaka 1876 Papa Pio wa Tisa akalipa hadhi ya basilika.

Mzee wa kahawa akagonganisha vikombe. "Kwa hiyo wanawake wawili wameona hamu ya kwao, mji mzima umepata kanisa. Mke wangu akiona hamu ya kwao Urambo, mimi napata nauli ya kulipa."

Ndani nako usiingie na haraka. Kuta zimejaa vibao vya marumaru vya kushukuru: mabaharia walionusurika dhoruba, askari waliorudi wazima, mama ambaye mtoto wake kapona. Vingi vimeandikwa Kifaransa, vingine vimefutika nusu. Mbele, juu ya altare, amesimama Bikira wa shaba nyeusi, kavishwa joho la kutarizi. Sanamu ilitoka Lyon mwaka 1840, na rangi yake ni ya madini, si kwamba kuna mchongaji aliyekaa akawaza Uafrika. Dogo alipoambiwa hivyo kidogo agome. Alikuwa ameshaanza kujenga hoja.

Pembeni, kwenye sinia la mishumaa, nilimkuta mama mmoja mwenye hijabu, mfuko wa sokoni umemning'inia mkononi, majani ya figili yamechungulia nje. Akawasha mshumaa, upepo wa mlangoni ukauzima. Akauwasha tena kwa kuuinamisha kwenye mshumaa wa mtu mwingine, akausimika, akasema maneno yake kimya kimya viganja vimeelekea juu kama anayesoma dua, akapangusa uso, akaokota mfuko, akatoka. Hakuna aliyemtazama mara mbili isipokuwa mimi mgeni. Wanaopanda mlima ule siku za kawaida, wengi wao ni Waislamu wa mjini. Wakatoliki wa Algeria ni wachache sana, na siku za Misa utakuta viti vingi vimekaliwa na wanafunzi na wafanyakazi waliotoka nchi za kusini mwa Sahara.

Sasa hapo ndipo kijiwe kiliposhika moto. Kwenye ukuta wa duara nyuma ya altare kuna maandishi makubwa ya Kifaransa, na ombi hilohilo limeandikwa pia kwa Kiarabu na Kikabyle. Yanasema: Bibi Yetu wa Afrika, utuombee sisi na Waislamu.

Fundi viatu, ambaye ni mtu wa swala tano, akaweka sindano chini. "Subiri kwanza. Nani kawaambia tunataka kuombewa?"

"Dua haikataliwi, Ustaadh," akasema katekista, kwa ile sauti yake ya kufunga mahubiri.

"Dua la kuku halimpati mwewe."

"Sasa kama halikupati, linakuudhi nini?"

Fundi akasonya, lakini kicheko kilimponyoka. Mwalimu mstaafu, aliyefundisha historia hadi chaki ikamwingia mapafuni, akaomba kikombe cha pili, na tukajua darasa limeanza. Akasema fundi ana haki ya kuuliza, maana maneno hayo yaliandikwa na watu walioingia nchi ile kwa mizinga. Wafaransa waliiteka Algiers Julai 1830. Karibu miaka miwili tu baadaye wakautwaa msikiti wa Ketchaoua, chini kule penye Kasba, wakaufanya kanisa kuu. Watu waliokuwa wakiswali mle wakafukuziwa nje kwa nguvu za askari. Kwa hiyo Mwarabu wa Algiers wa mwaka 1872, alipoinua macho akaona kuba jipya mlimani, hakuwa na sababu ya kuliona kama zawadi.

Na Lavigerie mwenyewe, akasema Mwalimu, mkono mmoja alishika rozari, mkono mwingine bendera. Njaa na kipindupindu vya 1867 na 1868 vilipoua watu kwa maelfu, alikusanya yatima akawalisha. Hilo ni jema. Lakini alitaka pia kuwalea katika dini yake, mpaka gavana MacMahon, Mfaransa mwenzake, akagombana naye hadharani kwa kuogopa fujo za Waislamu. Mwaka 1868 akaanzisha shirika la Mapadre Weupe, akawaamuru waseme lugha ya watu, wale chakula cha watu, wavae mavazi ya watu. Ndiyo sababu ya ile kanzu nyeupe na joho na rozari shingoni ambavyo babu zetu walivistaajabia.

"Babu zetu wapi?" akauliza dogo.

"Hapa hapa, wee!" Mwalimu akapiga benchi. Mwaka 1878 msafara wao wa kwanza ulitoka Algiers, ukapitia Marseille, ukafika Zanzibar, ukavuka Bagamoyo, ukashika njia ya wapagazi kuja Unyanyembe. Padre Pascal, mmoja wa viongozi wao, alifia njiani kabla ya kuiona Tabora. Waliobaki walifika hapa wakagawanyika: kundi moja likaelekea Ujiji, jingine likaelekea ziwa Nyanza. Kutoka huko Nyanza, Padre Lourdel, ambaye Waganda wanamjua kama Mapeera, alivuka na bruda mmoja akatia mguu Buganda Februari 1879. Kwa hiyo Rubaga ya Kampala, Bukumbi ya Mwanza, Karema ya Tanganyika na Kipalapala yetu, ukifuata mzizi unakupeleka kwenye mlima uleule.

Mwalimu akamtaja na Adrian Atiman, na hapo hata mzee wa kahawa akaacha kumimina. Mtoto wa bonde la mto Niger, aliyekamatwa, akauzwa, akavushwa Sahara, akakombolewa kwa fedha na Mapadre Weupe huko Algeria. Wakamsomesha, wakampeleka Malta akasomea utabibu. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akaoa huko, akatibu watu na kufundisha katekisimu mpaka alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka sitini kituo kimoja! Na yeye hakuwa Mzungu wala hakuwa na pa kurudi likizo. Nikauliza kijiwe chote nani alishasikia jina hilo. Katekista peke yake ndiye aliyeinua mkono. Mfyuuu! Mchezaji wa Ulaya tunamjua hadi jina la mbwa wake.

Lakini lililonipandisha mimi mlima ule, na ndilo ninalotaka kijiwe kilitafune, ni jambo la mwaka 1962. Algeria ilipata uhuru Julai mwaka huo, baada ya vita vya karibu miaka minane vilivyoacha maiti kwa mamia ya maelfu. Wafaransa walioishi kule wakafungasha wakaondoka karibu wote ndani ya miezi michache. Sasa hebu fikiri: umeshinda vita, adui kakimbia, mlimani kuna kanisa lake linakuangalia. Utalifanya nini?

"Kuteketeza," akasema dogo bila kufikiri.

"Kulifanya msikiti," akasema fundi.

Walichofanya ni hiki. Ketchaoua, uliokuwa msikiti tangu enzi, ukarudishwa kuwa msikiti mwaka uleule. Hapakuwa na mjadala. Madame l'Afrique, lililojengwa tangu msingi likiwa kanisa, likaachwa kanisa. Sikusema kila kanisa la Algeria liliachwa. Mengi yalibaki matupu, na mengi yakageuzwa matumizi. Lakini hapo Algiers, majengo hayo mawili yanayotazamana kwa mbali yalihukumiwa kila moja kwa historia yake. Kilichoporwa kikarudi kwa mwenyewe. Kilichojengwa kikakaa.

Fundi akakuna kidevu. "Lakini si lilijengwa kwenye ardhi ya wenyewe?" Swali zuri, na Mwalimu alilikubali. Hata hivyo, akasema, wenye ardhi wenyewe ndio waliolijibu, kwa miguu yao. Mwanamke wa Bab El Oued ambaye binti yake hapati mimba, au mwanawe kapanda mtumbwi usiku kwenda Uhispania, yeye hajali ramani ya Fromageau. Anapanda kwa Lalla Meriem. Toka zamani mapadre wa pale wamekuwa na ibada ya kuwaombea waliokufa baharini, wanasimama ukingoni mwa genge wakiielekea bahari. Ilianzishwa kwa ajili ya mabaharia wa Kifaransa. Leo wanaozama katika maji yale ni vijana wa Kialgeria wanaoitwa harraga, pamoja na Waafrika wenzetu wanaokwenda kujaribu bahati. Maiti hawaulizwi dini.

Na msidhani huko mambo ni maziwa na asali. Miaka ya tisini nchi ilichinjana. Watu wengi mno walikufa, wakiwemo maimamu waliokataa kubariki umwagaji damu. Mwaka 1996 watawa saba wa Tibhirine walitekwa na kuuawa. Kardinali Duval, askofu mkuu wa zamani aliyekuwa amepinga hadharani mateso ya jeshi la Ufaransa wakati wa vita vya uhuru, akafariki siku hizohizo, na mazishi yao yakafanyika pamoja katika basilika ile Juni 2. Agosti mosi, Askofu Claverie wa Oran akauawa kwa bomu pamoja na dereva wake kijana wa Kiislamu, Mohamed Bouchikhi. Damu zao zilichanganyika sakafuni. Kanisa lilipowatangaza wenye heri mashahidi 19 wa Algeria, Desemba 8, 2018, ibada ilifanyika Oran, kwenye kanisa jingine la mlimani, Santa Cruz.

Siku hizi nako kuna yake. Tangu mwaka 2017 serikali imefunga makanisa mengi ya Kiprotestanti, sheria ya 2006 inambana anayemhubiria Mwislamu abadili dini, na mwaka 2022 shirika la Caritas liliambiwa lifunge shughuli zake nchini humo. Kwa hiyo mtu asije akaniambia nimewapamba. Serikali ina mkono wake na mlima una watu wake, na mara nyingi havisemi lugha moja.

Lakini tazameni na hili. Tetemeko la Mei 2003 lilipolitikisa jengo likapata nyufa, lilikarabatiwa kuanzia 2007 hadi likafunguliwa tena Desemba 2010, kwa gharama inayozidi euro milioni 5. Waliochanga ni Umoja wa Ulaya, Ufaransa, makampuni, na serikali ya Algeria pia. Fedha ya umma ya nchi ya Kiislamu imetengeneza kuba la kanisa la mkoloni. Sisi hapa tembe la Kwihara, walilokaa Livingstone na Stanley, liko umbali wa bodaboda. Nani kati yenu amefika? Dogo peke yake, na yeye alipeleka abiria akasubiri nje kwenye kivuli.

Hapo fundi akaamua kukigeuza kibao. Akasema kama kanuni ya Algiers ni nzuri, basi tuilete nyumbani tuone kama inafanya kazi. Boma la Mjerumani hapa Tabora lilijengwa na Mjerumani, kwa jasho la babu zetu, lakini lilijengwa: likae, litumike, na watoto waambiwe jasho lilikuwa la nani. Sawa. Na mifupa ya mijusi wale wakubwa wa Tendaguru kule Lindi, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba vichwani hadi bandarini, leo imesimama Berlin watu wanalipa kiingilio kuitazama? Na mafuvu ya wazee wetu yaliyomo kwenye makabati ya makumbusho huko huko? Hiyo haikujengwa na mtu. Hiyo ndiyo Ketchaoua yetu.

Katekista akasema amina kwa sauti, jambo ambalo kwa fundi yule sijapata kumsikia akilisema. Mzee wa kahawa akauliza mifupa ikirudi italala wapi, maana tembe la Kwihara tu limetushinda. Dogo akasema wairudishe kwanza, mahali patapatikana. Wakaanza kubishana upya, sasa pande zimechanganyika hujui nani ni wa dini gani.

Mwalimu akakohoa. Akasema ubishi wa kijiweni hauvuki Dodoma, na mwenye kudai haki yake huanza na karatasi.

"Basi andika hiyo barua, Mwalimu," akasema fundi, akaokota sindano yake. "Mimi natia dole gumba. Na huyu wa bodaboda ataipeleka posta bure."

"Bure?" akasema dogo. "Mfyuuu!"